Primedi si digrii

Msimu wa maombi ya vyuo vya Marekani ukifika, swali huwa lile lile: "Chuo gani kina digrii nzuri ya primedi?" Mzazi anauliza, kijana anauliza, na wapo mawakala wanaolijibu bila kupepesa macho, orodha ikiwa tayari mkononi.

Maana yenyewe ni fupi. Primedi, au pre-med kama Wamarekani wanavyoandika, ni maandalizi ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayekusudia kuomba shule ya udaktari. Kule mtu hatoki sekondari akaingia udaktari moja kwa moja, kama ilivyo kawaida Uingereza. Anasoma kwanza shahada ya miaka 4, ndipo anaomba shule ya udaktari, miaka 4 mingine, kisha anafanya mafunzo ya ubobezi hospitalini kwa miaka 3 hadi 7. Primedi imo ndani ya ile minne ya mwanzo. Basi.

Sasa tazama cheti cha mhitimu wa aina hiyo. Kimeandikwa biolojia, au kemia, au historia, au hata muziki. Neno primedi halimo. (Vipo vyuo vichache vyenye fani ya jina hilo, ukiifunua ndani, mara nyingi utakuta ni biolojia na kemia zilizobadilishwa kanzu.) Kinachomfanya mwanafunzi wa historia awe primedi ni kozi alizochanganya humo: kwa kawaida mwaka wa biolojia, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa kemia ogania (kemia ya kaboni) na mwaka wa fizikia, zote na maabara zake. Shule nyingi za udaktari huongeza baiokemia, takwimu au uandishi. Halafu kuna MCAT, mtihani wa kuombea shule ya udaktari, ambao alama zake huanzia 472 na kuishia 528, na ambao tangu 2015 unapima pia saikolojia na sosholojia. Hakuna sharti kwamba digrii yako iwe ya sayansi. Aliyekwisha kuhitimu bila kozi hizo anaweza kurudi kuzisoma baadaye. Chuo cha Bryn Mawr, huko Pennsylvania, kina programu ya watu wa namna hiyo hasa.

Utaratibu huu una historia yake. Katika karne ya 19 shule nyingi za udaktari za Marekani zilipokea karibu yeyote mwenye ada. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilipofungua shule yake ya udaktari mwaka 1893 kilidai mwombaji awe tayari na shahada, jambo lililoonekana la ajabu wakati huo. Mwaka 1910 Abraham Flexner, ambaye hakuwa daktari bali mwalimu, alitoa ripoti yake baada ya kukagua shule 155 za Marekani na Kanada. Alitaka mtu awe ameiva kwenye biolojia, kemia na fizikia kabla ya kukanyaga shule ya udaktari. Orodha ya kozi tunayoiona leo ni mjukuu wa dai hilo. Flexner alitaka msingi. Hakuna aliyemwomba abuni digrii.

Kuiita primedi digrii kungekuwa kosa la ulimi tu, ningelinyamazia. Tatizo ni kwamba linawauzia watu chuo. Ukiamini primedi ni digrii, utaamini pia kwamba vyuo vinaweza kupangwa kwa ubora wa primedi yao, na utapokea kwa mikono miwili tangazo linalosema asilimia 90 ya wanafunzi wao wa primedi hukubaliwa shule ya udaktari. Uliza: asilimia 90 ya nani? Tuseme wameanza 200. Kemia ogania ikawapunguza, wakabaki 60. Vyuo kadhaa vina kamati inayomwandikia mwombaji barua ya pamoja, na baadhi ya kamati hukataa kumwandikia mwenye alama hafifu. Wakaandikiwa 30, wakakubaliwa 27. Hesabu ni sahihi kabisa, na wale 170 hawamo.

Kwa hiyo mambo ya kuchungulia ni mengine. Darasa la kemia ogania lina watu wangapi, na alama zinagawanywa kwa kushindanisha wanafunzi wao kwa wao au kwa kiwango kilichowekwa? Mwanafunzi wa mwaka wa pili anapata nafasi kwenye utafiti wa mhadhiri, au zimechukuliwa zote na wa uzamili? Mshauri wa waombaji wa udaktari yupo, au ni ukurasa wa tovuti? Jina kubwa halijibu hata moja kati ya haya. Xavier ya Louisiana, chuo kidogo cha Kikatoliki mjini New Orleans, kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa vyuo vinavyopeleka Wamarekani Weusi wengi zaidi kwenye shule za udaktari.

Na kwa anayetoka nje ya Marekani kuna jambo ambalo orodha za mawakala hulipita kimya: shule nyingi za udaktari za kule hazipokei mwombaji asiye raia wala mkazi wa kudumu, na zinazopokea huchukua wachache sana. Kuingia chuo kizuri kwa shahada ya kwanza hakufungui mlango huo. Ni heri kulijua kabla ya kulipa ada ya mwaka wa kwanza.

Basi jirani akikwambia binti yake amekwenda kuchukua digrii ya primedi, mpongeze kwanza. Kisha muulize taratibu: anasomea nini?