Bustani ya nyumbani kwenye joto: jua na maji kwanza, miche baadaye

Mvua zikikaribia vitalu hujaa wateja, na miezi michache baadaye madawati yetu, sisi tunaopokea malalamiko ya bustani na miti, hujaa watu: mche umekauka, mizizi imeziba bomba la jirani, sakafu ya baraza imepasuka, tawi limelalia waya wa umeme. Mengi ya malalamiko hayo yana asili moja. Mtu alinunua miche kwanza, kisha akaanza kuzunguka nayo uwanjani akitafuta pa kuichomeka. Kwenye joto, ramani ya bustani huchorwa na jua na maji. Kinachobaki wazi baada ya hapo ndicho cha mimea.

Anza na jua. Chagua siku isiyo na mawingu, pita uwanjani saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 alasiri, na kila mara weka vijiti pale kivuli kinapoishia. Rudia baada ya miezi michache, kwa sababu katika ukanda wa tropiki jua la adhuhuri hupita kaskazini sehemu ya mwaka na kusini sehemu nyingine. Ukuta wa kusini unaokaa kivulini mwezi wa 6 ndio unaopigwa na jua mwezi wa 12. Wengi hupima mara moja tu, kisha wanashangaa kwa nini mimea iliyostawi kivulini imeungua nusu mwaka baadaye.

Upande wa magharibi ndio mkali kuliko pande zote, maana jua la alasiri hufika wakati hewa na kuta zimekwisha kupata moto. Mti wa kwanza wa kivuli uwekwe huko, wa pili mashariki. Matawi ya chini yaondolewe kidogo kidogo mti unapokua, hadi shina liwe wazi mita 2 au zaidi, ili upepo upite chini na kuingia madirishani. Ua zito lililosongamana mbele ya dirisha hukupa faragha na kukunyima hewa. Kama nafasi ya mti haipo, funga kiunzi cha mtambaa sentimita 15 hadi 30 mbali na ukuta. Mtambaa ulioshikamana na lipu huhifadhi unyevu ukutani na kuficha mchwa.

Maji nayo yapimwe kabla ya kuchimba shimo lolote la kudumu. Chimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30, kina hichohicho, kijaze maji, yaache yaishe, kijaze tena na sasa tazama saa. Maji yakishuka sentimita 2 hadi 5 kwa saa, udongo uko sawa kwa mimea mingi. Yakishuka chini ya sentimita 1, mizizi itakosa hewa, na hakuna mbolea itakayokusaidia: inua tuta la sentimita 30 au zaidi, au chagua mimea inayopenda majimaji. Mpapai ndio unaofunza watu somo hili kwa uchungu. Maji yakituama kwenye mizizi yake siku mbili tatu, majani huwa ya njano na kulegea, na mwenye nyumba, akidhani ni kiu, huongeza maji. Yakishuka haraka mno, kama kwenye kichanga, changanya mboji unene wa sentimita 5 katika sentimita 20 za juu, na urudie kila mwaka, kwa kuwa kwenye joto mboji huoza na kuisha upesi.

Kuna sehemu moja ambayo vipimo hivi havitoshi, nayo ni ule ukanda wa mita moja kando ya msingi wa nyumba. Humo mna kifusi, mabaki ya saruji na chokaa ya lipu iliyofukiwa na mafundi. Panda iksora hapo, kama watu wengi wapendavyo, utaona baada ya muda majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani kibichi, kama wavu mdogo. Hilo silo ugonjwa wala uhaba wa samadi. Chokaa imepandisha pH (kipimo cha tindikali na alkali ya udongo), na chuma kilichomo udongoni hakifyonzeki tena na mizizi. Majani ya zamani, yaliyoota kabla mizizi haijafika kwenye kifusi, hubaki kijani, na hapo ndipo dalili hii inapotofautiana na njaa ya naitrojeni, ambayo huanzia majani ya chini. Dawa ni kuchimbua kifusi sentimita 40 kwenda chini na kuweka udongo mpya, au kuhamisha iksora na kupanda hapo kitu kinachovumilia chokaa. Kumwaga majivu, kama wengine wanavyofanya, ni kuongeza tatizo lilelile: majivu nayo hupandisha pH.

Sasa miti, ambako ndiko kazi yetu kubwa iliko. Mti mdogo kama mpera, mkomamanga au mdimu uwe mita 3 kutoka ukutani. Mwembe, mfenesi na mkrismasi ziwe mita 8 hadi 10. Fikasi kubwa (miti ya jamii ya mkuyu) zisipandwe kabisa kwenye kiwanja cha nyumba, hata ile nzuri iliyonyolewa ikiwa kwenye chungu. Mnazi usisimame juu ya njia wala maegesho ya gari. Juu ya shimo la maji taka na mitaro yake panda nyasi tu. Mboga za mizizi zisiwepo hapo. Chini ya waya wa umeme panda kitu ambacho hakitazidi mita 5 kikikomaa, na hapa tunasema kikikomaa, kwa sababu mche wa kitaluni haukwambii utafika wapi.

Watu hudhani mizizi hutoboa mabomba. Mara nyingi bomba lilikuwa tayari na ufa au kiungo kinachovuja, na mizizi ikafuata unyevu. Hivyo kukata mti bila kutengeneza bomba hakumalizi shauri. Kwenye mfinyanzi unaovimba na kunywea, hata hivyo, mti mkubwa ulio karibu hukausha udongo chini ya msingi, na hapo nyufa za ukuta ni za kweli.

Kuhusu kukata, tunaomba jambo moja lieleweke, maana tumelisema sana: katika miji mingi mti uliofikia unene fulani huhitaji kibali hata ukiwa ndani ya uzio wako na hata kama uliupanda wewe. Kiwango hutofautiana, kiulize kwa mamlaka ya eneo lako. Namna ya kupima hufanana sehemu nyingi. Pima mzingo wa shina kwa utepe, mita 1.3 kutoka ardhini, kisha gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha takriban sentimita 30. Kwenye mteremko pimia upande wa juu. Shina likigawanyika chini ya kimo hicho, pima kila shina peke yake na uyaandike yote, usichague jembamba. Ambatanisha mchoro wenye umbali kutoka ukutani, mpakani na kwenye mabomba, picha ya mti mzima, picha ya shina, na picha ya kasoro unayoilalamikia. Andika sababu, na andika utapanda nini badala yake. "Unachafua uwanja" kwa kawaida haihesabiwi kuwa sababu. Kisha subiri mkaguzi, na baada ya mkaguzi subiri jibu la maandishi. Kimya si kibali, na neno la mdomo la mkaguzi si kibali pia.

Anayekata kabla ya jibu anaweza kutozwa faini, kuagizwa kupanda miti mbadala na kuitunza kwa muda uliowekwa, na kulipia gharama za uharibifu kama mti uliangukia mali ya mtu. Aliyeshika msumeno naye huweza kuwajibishwa, si mwenye nyumba peke yake. Dharura ina njia yake: mti ukiegemea nyumba baada ya dhoruba, piga picha, ondoa sehemu ya hatari tu, toa taarifa mara moja, na usichome wala kusomba magogo kabla ya kukaguliwa. Tawi likigusa waya, kulikata si kazi yako. Kaeni mita 3 au zaidi, mwite mwenye waya.

Wengine hukwepa kibali kwa kukata kichwa cha mti kizima wakidhani wanaupunguzia uzito. Kwenye vidonda hivyo huchipua fito nyingi zinazokua kwa kasi, zikiwa zimeshikilia gome la juu tu, wakati ndani kigogo kinaanza kuoza. Baada ya miaka michache mti ni mrefu uleule na wa hatari zaidi. Pogolea mapema, matawi yakiwa membamba, na kata nje kidogo ya ule uvimbe ulio kwenye shina la tawi, bila kuacha kisiki.

Upandaji wenyewe ni kazi ya jioni, mvua zikiwa zimeshaanza. Chimba shimo lenye kina sawa na udongo wa kwenye kiriba (mfuko wa mche), lisizidi, lakini upana mara mbili hadi tatu. Shimo refu lenye udongo uliolegea chini huzama, na mche huzama nalo mpaka shingo ya shina inafukiwa na kuoza. Chana kiriba ukitupe. Bado tunaona miche iliyopandwa na nailoni yake. Mizizi iliyojizungusha ikatwe kwa wima sehemu tatu au nne, la sivyo itaendelea kuzunguka hadi inyonge shina. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mche mwingine, kiungo chake kibaki juu ya udongo, na machipukizi ya chini yake yang'olewe yakiwa bado laini, kwani hayo ni ya shina la chini lililobebeshwa na ndiyo yatakayokupa matunda usiyoyanunua. Rudisha udongo uleule, sindilia kwa mkono, zungushia kingo za udongo kufanya beseni la upana wa mita 1 hivi, mimina debe moja la maji. Samadi mbichi isiingie shimoni, inaunguza mizizi.

Mche wa tunda wenye kimo cha magoti unataka lita 10 kila baada ya siku moja kwa wiki mbili za mwanzo, kisha mara mbili kwa wiki hadi miezi mitatu, kisha lita 20 hadi 40 mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi cha kwanza na cha pili. Mvua ikinyesha vizuri, ruka. Kunyunyizia kidogo kila jioni, jambo ambalo wengi huliona ndilo uangalifu, hulowesha sentimita 3 za juu na kuizoesha mizizi kukaa palepale panapopata moto zaidi. Chomeka kijiti sentimita 10 chini. Kikitoka na udongo ulionata, subiri. Mwagilia alfajiri kwa sababu maji mengi ya mchana hupotea kwa mvuke. Ile hadithi kwamba matone huunguza jani kama lenzi haina uzito kwa majani laini yasiyo na manyoya. Kama unatumia mabomba ya matone, weka chujio, na kwenye bomba kuu funga vali ya kuzuia maji kurudi nyuma. Mpira ulioachwa ndani ya ndoo ya dawa, shinikizo likishuka, hufyonza dawa hiyo hadi kwenye maji ya kunywa ya mtaa. Mamlaka za maji zinaweza kukukatia huduma kwa kosa hilo, na zina haki.

Juu ya udongo tandaza majani makavu au nyasi zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha sentimita 10 kuzunguka shina. Udongo mtupu juani huweza kupita nyuzi 50 za Selisiasi adhuhuri. Kwa hiyo kufagia bustani mpaka ing'ae, halafu kuchoma majani, ni kuiondolea mimea mwavuli na chakula kwa pamoja. Vumbi la mbao litandazwe tu, lisichanganywe udongoni, maana likioza ndani hunyang'anya mimea naitrojeni. Mboga za majani ziwekwe chini ya wavu wa kivuli unaozuia asilimia 30 hadi 40 ya mwanga. Bamia na kunde ziachwe juani. Ukoka hautaota chini ya mwembe hata ukiupanda mara ngapi.

Usipande lantana wala mlusina. Zote mbili zimo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, pamoja na magugu maji ambayo watu huyaweka kwenye vidimbwi kwa ajili ya ua lake.

La mwisho ni mbu, na hapa ukaguzi hauhitaji malalamiko ya jirani. Aedes aegypti, anayesambaza homa ya dengi, hutaga kwenye maji safi yaliyotuama: visahani vya vyungu, matairi, mapipa yasiyofunikwa, hata makutano ya majani ya mimea inayokinga maji. Kwenye joto yai hufikia kuwa mbu kwa siku 7 hadi 10, kwa hiyo ukaguzi wako uwe kila wiki bila kuruka. Sehemu nyingi mkaguzi akikuta viluwiluwi huanza na onyo la maandishi lenye siku za kurekebisha, na akirudi akavikuta huandika faini. Kumwaga maji hakutoshi. Mayai hugandishwa kwenye kingo, juu kidogo ya usawa wa maji, na hustahimili ukavu kwa miezi. Chombo kikijaa tena, yanaanguliwa. Mwaga, sugua kingo kwa brashi ngumu, suuza, kisha jaza kisahani mchanga hadi ukingoni.