Leveli ziishie ngapi? Hesabu iliyo nyuma ya kikomo

Vijana wanaokuja kwangu hapa Kampala kujifunza kutengeneza gemu huwa na swali moja linalotangulia mengine yote: leveli ziishie ngapi, yaani mhusika wa mchezaji apande ngazi ngapi za nguvu kabla ya kufika kikomo? Wengine huja wameshaandika 100 kwenye daftari, kwa sababu 100 inapendeza machoni. Mimi huwarudishia swali. Mchezaji wako anapata saa ngapi za kucheza kwa wiki, na bando lake linaisha lini? Mwenye jibu la hilo atakipata kikomo kwa hesabu. Asiye nalo anaweza kuandika 20 au 1,000, na haitaleta tofauti yoyote.

Riziki yangu inatokana na hesabu hizo: alama ngapi zimpandishe mhusika, joka lihimili mapigo mangapi, upanga uuzwe bei gani. Watu wakisikia unatengeneza gemu wanadhani unachora. Mimi sijui kuchora hata mbuzi. Siku nzima niko kwenye jedwali la namba.

Leveli na alama za uzoefu zilienea kupitia Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa mwaka 1974 uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Miaka minne baadaye, Roy Trubshaw na Richard Bartle wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, waliandika MUD, mojawapo ya dunia za kwanza za kuchezwa na watu wengi kupitia kompyuta zilizounganishwa. Mle, aliyefika cheo cha juu kabisa aligeuka mchawi, akapewa uwezo wa kuingilia mambo ya dunia yenyewe. Kikomo kilikuwa na zawadi ya kueleweka: safari ya kupanda imekwisha, sasa wewe ni sehemu ya usimamizi. Gemu nyingi zilizofuata zilichukua ngazi zikaiacha zawadi hiyo, na tangu hapo kila mbunifu anahangaika na jambo moja, yaani huyu aliyefika juu tumpe nini afanye.

Lakini kabla ya kufika juu kuna kupanda, na hapo ndipo wengi wanapodanganywa na namba ya mwisho. Tazama RuneScape, gemu ya mtandaoni iliyoanza 2001. Toleo lake la zamani lilirudishwa 2013 kwa jina la Old School RuneScape na likaingia kwenye simu 2018, na simu za bei ya kawaida zinaliweza. Kila stadi, iwe ya kuvua samaki, kukata miti au kupigana, inaishia leveli ya 99. Kutoka ya 1 kwenda ya 2 unahitaji alama 83. Kutoka ya 98 kwenda ya 99 unahitaji alama 1,228,825. Jumla ya safari nzima ni alama 13,034,431, na ukifika leveli ya 92 una alama 6,517,253, yaani ndiyo kwanza umefika nusu ya njia. Mtu wa leveli ya 50, anayejiona yuko katikati, ana alama 101,333, ambazo hazifiki hata asilimia moja ya safari.

Siri ni kwamba gharama ya leveli moja inakaribia kuongezeka maradufu kila baada ya leveli 7. Mwanzoni huioni, kwa kuwa maradufu ya kidogo ni kidogo. Baadaye inakunyanyasa. Chukua mtu anayepata alama 50,000 kwa saa moja ya kukata miti. Atahitaji takriban saa 260 kufika 99, na kati ya hizo saa 130 zitaliwa na leveli saba za mwisho. Akicheza saa mbili kila jioni, leveli hizo saba peke yake zitamchukua zaidi ya miezi miwili. Na hiyo ni stadi moja tu.

Je, huo ni ukatili? Kwa RuneScape sisemi hivyo. Stadi ni nyingi na mambo mengi hufunguka mapema, kwa hiyo 99 ni ya kutambia tu, si tiketi ya kuingilia. Walioifikia bado wanaweza kuendelea kukusanya alama hadi milioni 200 kwa stadi moja, na wapo wanaofanya hivyo. (Mniache nisiseme ninachokifikiria juu yao.) Shida inaanza mbunifu anapouiga mwinuko huo halafu akaweka mambo yote matamu kileleni. Hapo amejenga gemu ya watu wasio na kazi, shule wala watoto.

Sasa kwa nini kikomo kiwepo kabisa? Si bora watu wapande milele? Sababu ya kwanza ni ya fundi. Adui anatengenezwa kwa kuzingatia nguvu fulani. Nikijua mchezaji wa juu kabisa ana nguvu kiasi gani, naweza kumtengenezea joka litakalomtoa jasho. Nisipojua, ama joka ni kuku wa kuchinjwa ama ni ukuta. Sababu ya pili ni ya kijamii, nami naiona kubwa kuliko ya kwanza. Kikomo kinafanya kazi ya taksi paki ya Kampala: ulikotoka si hoja, ulitumia muda gani njiani si hoja, hapa ndipo wote mnapokutana mpange safari. Bila mahali hapo, aliyeanza miaka mitano iliyopita na aliyeanza jana hawatapigana bega kwa bega hata siku moja.

Tatizo la paki hiyo ni kwamba kampuni hupenda kuihamisha. World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya kompyuta, ilipotoka Novemba 2004 kikomo kilikuwa 60. Toleo la nyongeza la Januari 2007 likakifanya 70, la 2008 likaja na 80, na mwendo ukaendelea hivyo hadi 120 mwaka 2018. Kila kikomo kilipopanda, silaha ambazo watu walizitolea jasho kwa miezi, vikundi vikubwa vikikesha kushambulia pamoja, zilipitwa na vitu vya kawaida vilivyotolewa kwa kazi ndogondogo za maeneo mapya yaliyoongezwa kwenye gemu. Wakongwe walilalamika sana 2007, na nawaelewa. Ila upande wa pili hausemwi vya kutosha: siku hiyohiyo mtu aliyekuwa nyuma alisimama mstari mmoja na wakongwe. Kupandisha kikomo ni kufuta madeni ya watu wote kwa mkupuo. Anayeumia ni aliyekuwa na akiba.

Namba nazo zina tabia ya kuvimba. Kila toleo lazima silaha mpya ziishinde ile ya zamani, kwa hiyo madhara ya pigo moja yanatoka mamia hadi maelfu, kisha mamilioni, na mwishowe mchezaji hasomi tena namba, anaona tarakimu zinapepea tu. Mwaka 2014 World of Warcraft ilizibana namba za silaha zake zote zishuke. Mwaka 2020 ikazibana leveli zenyewe: aliyekuwa 120 akaamka ana 50, na kikomo cha toleo lililofuata kikawa 60, palepale pa 2004. Wapo waliochekesha umma kwamba wamenyang'anywa leveli 70. Kiufundi hawakupoteza kitu, kwa kuwa maadui nao walishushwa. Mimi naliona kama tendo la ujasiri, maana kumwambia mteja namba yake imepungua kunahitaji moyo.

Kuna kisa kingine cha gemu hiyohiyo ambacho huwa sichoki kuwasimulia wanafunzi. Wakati wa majaribio, kabla haijauzwa, aliyecheza muda mrefu mfululizo alianza kupata alama pungufu, ili watu wasikae kwenye kiti usiku kucha. Wachezaji walichukia, wakaona wanaadhibiwa. Wabunifu wakaigeuza lugha: kiwango kilichokuwa cha kawaida kikaitwa cha aliyepumzika, kikaandikwa asilimia 200, na kile cha adhabu kikawa ndicho cha kawaida, asilimia 100. Malalamiko yakageuka furaha. Hadi leo mhusika wako akilala kwenye nyumba ya wageni ndani ya gemu, kwa siku kumi hivi hujaza akiba ya leveli moja na nusu, na alama anazopata kwa kuua maadui zinakuwa maradufu mpaka akiba iishe.

Fikiria maana yake kwa mtu wa Arua, Mbale au Masaka. Umeme umekatika siku mbili, bando limeisha na hela bado haijaingia kwenye simu, au ni Desemba na familia nzima imekwenda kijijini. Gemu yenye akiba ya mapumziko inamwambia karibu tena, tulikuwekea. Ilinganishe na gemu zenye kazi za kila siku ambazo ukizikosa leo zimekwenda. Hizo ndizo ninazozilalamikia kuliko kikomo chochote cha leveli. Genshin Impact ina nguvu inayojijaza tone moja kila dakika 8 na kuishia 200 (zamani ilikuwa 160, ikaongezwa 2024). Ukipiga hesabu, tanki linajaa ndani ya saa 26 na dakika 40. Usiporudi, kinachofuata kinamwagika. Mbunifu wa hiyo alikuwa na mchezaji wa aina fulani kichwani, na mchezaji huyo anaingia mtandaoni kila siku bila kufikiria gharama.

Sisi gharama tunaifikiria. Tangu Julai 2021 bando hapa Uganda lina kodi ya asilimia 12 juu yake, iliyochukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ya mwaka 2018. Kucheza kwenyewe hakuli data sana, kwani seva na simu vinabadilishana namba tu na si picha. Kinachomaliza bando ni kupakua gemu na masasisho yake. Ndiyo maana napendelea ukomo wa wiki kuliko wa siku. Final Fantasy XIV hufanya hivyo kwa sarafu zake za silaha za juu: unaruhusiwa 450 kwa wiki, uzikusanye Jumamosi moja au jioni tano, shauri yako. Mwenye muda mwingi hawezi kukimbia mbali, na mwenye muda mchache ana nafasi ya kumfikia.

Jambo jingine linalotuhusu ni adhabu ya kifo. EverQuest ya 1999, ambayo kikomo chake kilikuwa 50, ilikunyang'anya alama ukifa, na ungeweza hata kushuka leveli. Wapo wazee wa gemu wanaoikumbuka kwa mapenzi, wakisema kifo kilikuwa na uzito. Sawa, ila mtandao ukikatika katikati ya vita mhusika wako anabaki amesimama pale kwa muda, akipigwa kama mwizi wa sokoni. Kumpokonya mtu saa tatu za kazi kwa kosa la mnara wa simu ni jambo ambalo sitaliweka kwenye jedwali langu kamwe.

Wapo walioamua kutoka kabisa kwenye ngazi. Ultima Online ya 1997 haina leveli za mhusika. Ilikuwa na stadi tu, na jumla ya pointi 700 za kugawa, kwa hiyo ukitaka kuwa mhunzi hodari lazima uache kitu kingine. EVE Online ya 2003, gemu ya meli za anga za juu, inafundisha stadi kwa saa za kweli, hata simu na kompyuta vikiwa vimezimwa. Watu husema mgeni wa EVE hatamfikia mkongwe. Si kweli kwa namna wanavyodhani: kila stadi ina ngazi tano tu, na meli moja inatumia stadi chache, kwa hiyo mgeni akichagua meli moja ndogo atalingana na mkongwe ndani ya meli hiyo. Mkongwe anamzidi kwa idadi ya meli anazoweza kuendesha. Tangu 2016, hata hivyo, pointi za stadi zinaweza kuchotwa kwa mtu mmoja na kuuzwa kwa mwingine, na fedha ikaingia palipokuwa na subira.

Ukiniuliza ipi naipenda, ni Guild Wars ya 2005. Kikomo chake ni 20, kilibaki 20 katika matoleo yote yaliyofuata, na unakifika mapema. Baada ya hapo unatafuta mbinu mpya, unabeba nane tu kwa wakati mmoja, na ushindi unategemea ulivyozipanga. Ndugu yake, Guild Wars 2, ilianza 2012 na 80, na mpaka sasa ni 80. Mwaka 2015 walipotaka kuwapa watu kitu cha kupanda waliongeza umahiri wa kutembea na kuruka angani badala ya nguvu za kupiga. Tena ukirudi kwenye eneo la wanaoanza, gemu inakushusha leveli ili ucheze na binamu yako bila kumuulia kila kitu. Ni kweli wapo wanaochoka haraka wasipoona namba ikipanda, na hao si wachache. Wape namba, lakini iwekwe kwenye mavazi, vyeo na rangi za farasi.

Kwa hiyo kijana anapofungua jedwali lake, namwambia asianze na safu ya alama. Aanze na safu ya muda: leveli ya kwanza ipatikane ndani ya dakika chache, ya tano kabla bando la siku halijaisha, na asiruhusu leveli yoyote, hata ya mwisho, izidi jioni mbili za mtu anayefanya kazi. Akijumlisha chini ataona wiki ngapi zimetumika, na hapo ndipo atajua kama kikomo ni 25 au 40. Alama zenyewe hujazwa mwisho kabisa, kwa kuzidisha muda kwa kile ambacho mchezaji wa kawaida, si bingwa, hukusanya kwa saa moja. Na kipimo cha huyo wa kawaida kichukuliwe kwenye simu ya bei ndogo, kwa intaneti ya saa mbili usiku, kila mtu akiwa ametoka kazini na mtandao umelemewa.