Wazee wawili nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mkishazeeka kaeni tu, wajukuu watafanya."

Hili linasemwa kwa mapenzi, na linadhuru. Misuli isiyotumika hunywea upesi, na ya mapajani ndiyo inayomwinua mtu kitini. Kazi isiondolewe, ibadilishwe namna. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 na ushei. Maji hayohayo yagawanywe kwenye madumu ya lita 5, mzee abebe mawili, moja kila mkono, mwili usivutwe upande mmoja. Kumenya vitunguu na kuchambua mchele kuhamie mezani, kwenye kiti chenye egemeo na mikono, ambacho akikaa nyayo zote zinakanyaga chini na magoti hayapandi juu ya nyonga. Kwenye kigoda, mtu hainuki mpaka ashike kitu, na jikoni kilicho karibu mara nyingi ni jiko la mkaa lenye sufuria inayochemka.

"Apunguze maji, asiamke usiku."

Uzeeni kiu hupungua, lakini mwili bado unayataka maji. Akiyakosa, choo hufunga na kizunguzungu huanza. Anywe vizuri mchana, apunguze kwa muda wa saa mbili hivi kabla ya kulala. (Mgonjwa wa moyo au figo aliyepangiwa kiasi, afuate alichopangiwa.) Kama anameza dawa ya presha inayokojosha, amuulize daktari kama anaweza kuimeza asubuhi.

Akiamka, asisimame papo hapo. Akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, miguu ikiwa chini. Akisimama ghafla damu huteremkia miguuni, presha inashuka, anaanguka kabla hajafika mlangoni. Tochi ikae karibu na mto. Mkeka uondolewe njiani: juu ya simenti unateleza, na ncha iliyojikunja inamkwaza.

"Wote tuna presha, dawa ni moja."

Si moja. Kidonge cha mume chaweza kumshusha mke presha kupita kiasi. Kila mmoja awe na mfuko wake wa rangi yake, na vidonge vibaki kwenye pakiti yenye jina la dawa.

"Bafuni atashika chuma cha taulo."

Kile kina skrubu fupi, kitang'oka naye. Kinachofaa ni bomba la chuma lililofungwa kwa bolti ndani ya tofali, kama sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Kabla hajakitumia, kijana mwenye nguvu akivute kwa uzito wake wote. Kikicheza hata kidogo, fundi arudie.