Mkondo wa juu hauko juu ya ramani

Mkondo wa juu ni upande mto unakotoka, na mkondo wa chini ni upande unakoelekea. Maana imeishia hapo. Kinachopotoshwa kila siku ni hilo "juu". Watu hutazama ramani ambayo kaskazini imewekwa juu, kisha huandika kwamba mto fulani "unapanda" kwenda kaskazini. Mto haupandi. Juu inayosemwa hapa ni mwinuko kutoka usawa wa bahari. Kaskazini kukaa juu ya karatasi ni mazoea ya wachora ramani tu. Ndiyo maana Misri ya Juu, yenye Luxor na Aswan, iko kusini, na Misri ya Chini iko kaskazini, kwenye delta ya Nile.

Chukua mto Mackenzie, kaskazini-magharibi mwa Kanada. Unatoka ziwa Great Slave, lililo kama mita 156 juu ya usawa wa bahari, na kwenda takriban kilomita 1,738 hadi Bahari ya Aktiki. Ukigawanya, unashuka wastani wa sentimita 9 tu kwa kila kilomita. Mteremko huo hauonekani kwa macho, lakini unatosha kuyapeleka maji kaskazini. Kushoto na kulia kwa mto navyo huhesabiwa ukiwa umeelekea maji yanakokwenda: mto Liard unaingilia kushoto, penye Fort Simpson, na Great Bear unaingilia kulia, penye Tulita.

Kuchanganya pande hizi kuna hatari barafu inapovunjika. Joto huanzia kusini, yaani mkondo wa juu. Maji ya Liard hujaa, yakapasua barafu kwenye makutano na kuisukuma mkondo wa chini, ambako Mackenzie bado umeganda. Mabamba hubanana na kupandana, na maji yakikosa pa kupita hurudi nyuma. Mei 2021, vijiji vya Jean Marie River na Fort Simpson vilifurika kwa mikwamo ya barafu ya namna hii. Taarifa ikisema barafu imeziba mkondo wa chini wa kijiji, maana yake imeziba upande wa kaskazini, na maji yatajaa kusini mwa kizuizi, kilipo kijiji. Anayeisoma kwa kufuata karatasi ataelewa kinyume kabisa.

Basi tuandike kwamba Mackenzie "unashuka kuelekea kaskazini". Ukiwa na mashaka na mto wowote, soma namba za mwinuko kandokando yake: zinakopungua ndiko mkondo wa chini.