Fimbo za Gofu Si Lazima Ziwe za Kampuni Moja
Kwenye uwanja wa gofu wa Malindi, kama kwingineko, mchezaji anayeanza huambiwa anunue fimbo zote za kampuni moja, eti akichanganya mchezo utaharibika. Si kweli. Sheria za gofu zinataka fimbo zisizidi 14 kwenye mkoba. Jina la mtengenezaji haziliulizi kabisa. Fimbo za chuma ni vyema zitoke seti moja, ili umbali wa mipira upishane kwa mpango. Ile ya kusukumia mpira shimoni, chagua yoyote inayokutulia mkononi. Kinachoamua zaidi ni urefu wa mpini, ugumu wake na mwinamo wa kichwa. Kijana mfupi aliyerithi fimbo ndefu za mjomba wake atahangaika nazo hata ziwe tupu za Titleist, kampuni yenye jina kubwa kwenye gofu. Kabla ya kulipa, omba upige mpira nazo kwanza.