Mtoto wa Jukwaani Hatokani na Sauti Nyembamba

Wiki iliyopita kijana mmoja alinijia mazoezini, hapa Mji Mkongwe, akiwa amepewa uhusika wa mtoto wa miaka minane, akaniambia kwa moyo mweupe: "Mwalimu, mtoto namjua, usihangaike na mimi." Kisha akaibana sauti mpaka ikawa kama ya filimbi, akalaza kichwa begani, akatia kidole mdomoni na kuanza kurukaruka. Si mvivu kijana huyu, na kosa si lake peke yake, kwa sababu ndivyo alivyowaona wenziwe wakifanya na ndivyo watazamaji walivyowachekea. Lakini nimeshamsahihisha mtu wa aina hii mara nyingi mno, na kila mara inanibidi nianzie alifu. Ndiyo maana nimeona bora niyaandike.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hiyo ya kwamba mtoto wa jukwaani hutengenezwa kwa sauti nyembamba. Ukweli wa kwanza ni wa maumbile. Sauti ya mwanamme aliyebaleghe hutetemeka kiasi cha mara 120 kwa sekunde, ya mwanamke kiasi cha mara 200, na ya mtoto mdogo hufika mara 250 au 300. Anayeziona tarakimu hizi hudhani kwamba kazi yake ni kupandisha sauti tu. Anachosahau ni kwamba sauti haitokani na nyuzi za koo peke yake. Baada ya hapo hupita katika njia ya koo na kinywa, ambayo kwa mwanamme mzima ina urefu wa kiasi cha sentimita 17 na kwa mtoto ni fupi zaidi, na urefu huo ndio unaolipa sikio habari za ukubwa wa mwili unaosema. Nyuzi unaweza kuzivuta, lakini njia ile huwezi kuifupisha ikawa ya mtoto. Kwa hiyo mtazamaji hamsikii mtoto hata kidogo. Anamsikia mtu mzima aliyejibana koo.

Juu ya hayo, sauti iliyobanwa haiendi mbali. Pale Ngome Kongwe, ambako watazamaji hukaa kwenye ngazi za mawe chini ya mbingu tupu na hakuna paa la kurudisha sauti, waliokaa juu hukosa nusu ya maneno. Mwigizaji akihisi hasikiki hupiga kelele kwa sauti ile ile iliyobanwa, nyuzi hugongana kwa nguvu usiku baada ya usiku, na matokeo yake ni sauti kukwaruza na, kwa wanaong'ang'ania, vinundu kwenye nyuzi za sauti ambavyo huhitaji daktari na mapumziko marefu. Tangawizi na asali hazitaviondoa. Ninawasihi wote wanaonisikiliza waigize mtoto kwa sauti walizozaliwa nazo, kisha wabadilishe pumzi. Mtoto huanza kusema kabla hajajua sentensi yake itaishia wapi, kwa hiyo huishiwa pumzi mahali ambapo mtu mzima asingeishiwa, akavuta hewa, akaendelea pale pale alipoachia. Neno analolikazia ni lile lililo muhimu kwake yeye, hata kama katika sentensi halina uzito wowote.

Ukweli wa pili ni mkubwa kuliko huo wa koo. Jioni moja niliwachukua wanafunzi watatu tukaenda kukaa barazani, katika uchochoro wenye duka moja dogo, tukiwa hatuna kazi nyengine isipokuwa kutazama. Alipita mtoto wa kiume wa miaka sita au saba, ametumwa dukani. Noti ameikunja mpaka imekuwa kama punje ya karanga, ameifumbata katika ngumi ya kulia, na ngumi yenyewe ameibandika kifuani. Midomo ilikuwa ikienda bila ya kusita: "Sukari nusu, kiberiti na bizari ya pilau. Sukari nusu, kiberiti na bizari ya pilau." Mwenzake akamwita kutoka upande wa pili aje kucheza. Hakumjibu, kwa sababu angejibu angeisahau bizari. Aligeuka mwili mzima, akamwonyesha ile ngumi, akaendelea na safari yake.

Katika muda wote ule hakuruka, hakudeka, hakufanya jambo hata moja katika yale ambayo waigizaji wangu huyafanya wakiambiwa "kuwa mtoto". Alikuwa mtu mwenye kazi iliyo kubwa kupita umri wake, na alikuwa akiifanya kwa uzito wote alionao. Hapo ndipo ulipo utoto. Mtoto hajioni kuwa ni mdogo na wa kupendeza kama tunavyomwona sisi, na pale anapoambiwa kuwa ni mdogo hujitahidi mno asionekane hivyo: hunyoosha mgongo, hutembea kama baba yake, huazima maneno ya bibi yake. Mwigizaji anayejionyesha kuwa ni mtoto anafanya kinyume kabisa na anachokifanya mtoto mwenyewe.

Kwa sababu hiyo mazoezi yangu huanza kwa swali moja, na yule kijana nilimuuliza hilo hilo: mtoto wako anataka nini sasa hivi, na anaogopa kitatokea nini asipokipata? Akanijibu kwamba mtoto wake anafurahi. Kufurahi si haja. Huwezi kukifuata jukwaani kitu ambacho tayari unacho. Tuliurudia mchezo mpaka tukaona kwamba mtoto yule anataka mama yake asigundue kuwa ufunguo wa kabati umepotea, nami nikampa sarafu aifumbate badala ya ufunguo, nikamwambia asiiachie hata akianguka. Haikupita nusu saa kidole kilikuwa kimetoka mdomoni, kwa kuwa mkono sasa ulikuwa na shughuli, na mabega yalikuwa yameshuka, na sauti ilikuwa imerudi ya kwake mwenyewe, na bado mimi niliyekaa mbele yake niliona mtoto wa miaka minane aliyeshikwa na hofu. Ushauri wa sarafu nimeutoa kwa kila mwanafunzi wangu na nitaendelea kuutoa: mpe mtoto wako kitu cha kukishika ambacho hatakiwi kukipoteza.

Ndugu wa dhana ya sauti nyembamba ni kulegeza ulimi. Wapo wanaoamini kwamba mtoto yeyote, wa umri wowote, hugeuza r kuwa l na kukata maneno vipande. Ni kweli kwamba mtoto wa miaka miwili anayejifunza Kiswahili hudondosha viambishi vya mwanzo, akasema "meanguka" kwa nimeanguka, na ni kweli kwamba r ni miongoni mwa sauti zinazochelewa. Lakini mtoto wa miaka minane keshapita huko zamani. Ana kauli kamili, anajua kubishana, na mara nyingi anakuzidi kwa methali alizozisikia kwa bibi yake. Mwendo nao ni hivyo hivyo, kwani mtoto akifika miaka saba hutembea karibu sawa na mtu mzima, kwa hiyo anayemwigiza wa miaka minane kwa kuyumba yumba anaonyesha mtoto wa miaka miwili. Ukitaka lugha ikusaidie, tafuta jambo jengine. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alikieleza kipindi cha miaka 2 hadi 7 kuwa ndicho ambacho mtoto hutazama mambo kwa upande wake zaidi kuliko wa mwenziwe. Katika usemi jambo hilo huonekana waziwazi: mtoto husimulia "yule akamwambia yule, wakaenda kule", bila ya kumtaja yeyote, kwa kuwa yeye anawaona na anaamini nawe unawaona. Mtunzi akikuandikia sentensi moja ya namna hiyo, ni hazina kuliko kulegeza ulimi kurasa nzima.

Kuhusu umbo sitasema mengi. Husemwa kwamba mtoto aigizwe na mtu mfupi, mwembamba na asiye na ndevu. Mchezo wa Peter Pan ulipoonyeshwa kwa mara ya kwanza jijini London, tarehe 27 Disemba 1904, mvulana yule asiyekua aliigizwa na Nina Boucicault, mwanamke wa miaka 37, na tangu hapo uhusika huo umekuwa ukishikwa na watu wazima kizazi baada ya kizazi. Nguo za skuli zilizokubana hazitakusaidia. Kama unataka ufupi, wainue waliokuzunguka na uwatazame kutoka chini.

Sasa niingie kwenye hadhira, ambako dhana potofu ni moja lakini hasara yake ni kubwa: kwamba onyesho lililopendwa mahali pamoja lipelekwe kila mahali kama lilivyo. Kikundi kimoja nilichowahi kukiongoza kilikuwa na mchezo uliowashika watu barabara usiku, kwa taa, mjini Unguja. Tukaupeleka Pemba, kijiji cha upande wa Konde, tukaucheza baada ya alasiri chini ya mwembe, na watoto wa skuli ya maandalizi wamekaa kwenye mikeka hatua mbili kutoka tuliposimama. Zimwi letu lilikuwa limetegemea giza. Mchana, kwa karibu vile, lilikuwa ni mtu mkubwa aliyejipaka masizi anayewakimbilia watoto wadogo, na mstari wote wa mbele ulilia kwa pamoja, hata mama zao wakainuka kuwachukua. Lawama ile naibeba mimi niliyekuwa mwongozaji. Siku ya pili zimwi lilivaa masizi mbele yao, polepole, likiwauliza watoto lijipake wapi, na hakuna aliyelia. Walilicheka mpaka lilipoanza kunguruma, kisha wakalinyamazia kwa hofu ile tamu tunayoitaka.

Wengine huniambia kwamba watoto wanajua mchezo ni mchezo. Wanajua, na hawajui. James Barrie, aliyemtunga Peter Pan, alieleza kwamba baada ya onyesho la mwanzo wazazi walimwomba aongeze sharti ya kuwa hakuna awezaye kuruka angani mpaka apulizwe vumbi la kichimbakazi, kwa sababu watoto wengi walikuwa wamerudi nyumbani wakajaribu kuruka kutoka vitandani mwao na kuumia. Mwenye kuwachezea watoto wa visiwani, ambao wanaishi na kisima, mnazi na bahari, alifikirie jambo hilo kabla hajamrusha mhusika wake popote.

Hadhira ya watu wazima ina hatari ya aina nyengine. Wao wakimwona mtoto jukwaani hujikumbuka, na wakijikumbuka hucheka, na mwigizaji akishaonja kicheko kile hukitafuta tena. Usiku wa tatu mtoto wake ameanza kudeka, usiku wa tano kidole kimerudi mdomoni. Haja ya mhusika haibadiliki kwa sababu ya waliokaa mbele. Yanayobadilika ni umbali, mwendo wa maneno, ukubwa wa hofu na wakati wa kuanza. Kijijini anza baada ya alasiri na umalize kwa nafasi kabla ya adhana ya magharibi, wala usijidanganye kwamba watakusubiri, kwa sababu hawatasubiri na wana haki.

Kwenye hoteli za Nungwi na Kendwa nimewakuta waigizaji wanaoamini kwamba mgeni asiyejua Kiswahili huelewa zaidi ukimtanulia mikono na kumkodolea macho. Haelewi zaidi, anachokiona ni mtu anayejitaabisha. Acheni Kiswahili kibaki, punguzeni maneno ya kueleza, wekeni msimulizi mwenye sentensi tatu au nne za lugha ya wageni, na muiache ngumi iliyofumbata sarafu ifanye kazi yake. Ngumi ile haihitaji mkalimani.

Limebaki moja, nalo ni la walimu zaidi kuliko waigizaji. Wengi hudhani kwamba watoto wanaopiga kelele wakati wa onyesho wamekosa adabu, na nimewaona wakipita kati ya mistari na ufito mkononi kuwanyamazisha. Kwetu hadithi haianzi bila ya mtambaji kusema "Paukwa" na wasikilizaji kuitika "Pakawa"; watoto hawa wamelelewa kwa kuitika, na kuitika ndiyo njia yao ya kusikiliza. Mtoto wa mstari wa mbele akikupigia kelele kwamba zimwi liko nyuma yako, usijifanye hukumsikia na wala usimkonyeze. Mtazame usoni kama mwenzako aliyekuletea habari ya kweli, vuta pumzi, kaza ngumi, kisha ndipo ugeuke.