Kwa Nini Mahujaji wa Kedarnath Huabudu Nundu ya Fahali?

Ndani ya hekalu la Kedarnath, jimbo la Uttarakhand kaskazini mwa India, hutakuta linga, lile jiwe laini la mviringo ambalo ni alama ya mungu Shiva katika mahekalu mengi. Utakuta jiwe ghafi lililochomoza sakafuni, pana chini, jembamba juu. Mahujaji hulipaka samli kwa viganja vyao. Wahindu wanaamini kwamba hiyo ni nundu ya Shiva mwenyewe.

Kisa kinaanzia kwenye vita vya Kurukshetra, vile vya utenzi wa Mahabharata. Ndugu watano, Pandava, waliwashinda binamu zao Kaurava, lakini walikuwa wameua jamaa zao na hata walimu wao. Wakaenda kumwomba Shiva awasamehe. Shiva, kwa hasira ya damu ile, hakutaka hata kuonana nao. Alikimbilia Himalaya, akajigeuza fahali, akajichanganya na mifugo.

Aliyemgundua ni Bhima, mwenye nguvu kuliko ndugu zake wote. Inasimuliwa kwamba alitanua miguu, mmoja juu ya mlima huu, wa pili mlima ule, na ng'ombe wakapita katikati. Fahali mmoja akagoma. Bhima akamrukia, naye akaanza kuzama ardhini. Kilichobaki mikononi mwa Bhima ni nundu, akaing'ang'ania. Shiva akaona jinsi walivyodhamiria kutubu, akawasamehe.

Viungo vingine viliibukia kwingine: mikono Tungnath, uso Rudranath, kitovu Madhyamaheshwar, nywele Kalpeshwar. Mahekalu hayo, pamoja na Kedarnath, ni matano na huitwa Panch Kedar, na wapo mahujaji wanaoyatembelea yote. Wengine husema kichwa kilitokea Pashupatinath, Kathmandu, nchini Nepal. Hapo ndipo kisa hiki kinaponivutia kuliko vingine: mwenye kuomba msamaha anatakiwa autafute, bonde kwa bonde, kama walivyoutafuta Pandava.

Na njia si ya mchezo. Kedarnath iko mita 3,583 juu ya usawa wa bahari. Kutoka kijiji cha Gaurikund ni mwendo wa kilomita 16 hivi za kupanda mlima. Wasiojiweza hupanda nyumbu, au hubebwa ndani ya tenga mgongoni mwa mpagazi. Theluji ikikaribia, mwezi Oktoba au Novemba, hekalu hufungwa. Sanamu ya Shiva huteremshwa kwa machela hadi mji wa Ukhimath na kuabudiwa huko mpaka Aprili au Mei.

Tarehe 16 na 17 Juni 2013 mvua kubwa ilinyesha, na ziwa la Chorabari lililokuwa juu ya mji likapasuka. Maji, matope na mawe vikaporomoka na kuufagia mji. Maelfu ya watu walikufa katika eneo hilo, wengi wao mahujaji. Hekalu lilibaki limesimama: jiwe kubwa lilikuwa limebingirika kutoka juu na kukwama nyuma yake, likayagawa maji yakapita kushoto na kulia.

Jiwe hilo bado lipo palepale. Watu wamelipa jina la Bhim Shila, jiwe la Bhima, na mahujaji wakishatoka kwenye nundu huzunguka nyuma ya hekalu kuliinamia nalo pia.